Ukurasa Aliokomea Msomaji

Mwaka 1936 mchapishaji wa London, Stanley Unwin, aliletewa mswada wa hadithi ya watoto ulioandikwa na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford. Unwin alikuwa mzoefu wa biashara ya vitabu na angeweza kuamua peke yake. Badala yake alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na miaka 10. Mtoto akausoma mswada, akaandika ripoti fupi yenye makosa ya tahajia, akalipwa shilingi moja. Ripoti ilisimulia kisa kwa maneno machache, ikasema hadithi ni nzuri, kwamba ikiwekewa ramani haihitaji picha, na kwamba itawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Mwaka uliofuata, 1937, The Hobbit ikatoka.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kushangaa jinsi kitabu kikubwa namna ile kilivyoamuliwa na mtoto. Mimi huvutiwa zaidi na ile namba 9. Rayner alikuwa na miaka 10. Kitabu alikipenda, lakini alikiweka kwenye rafu ya walio wadogo kuliko yeye. Mwandishi wa riwaya ya vijana anapaswa kulijua jambo hili kabla hajamkabidhi mtu mswada: kijana hupima umri wa kitabu haraka sana, na akiona kinamshusha, hukisukumia walio chini yake. Riwaya uliyomwandikia msichana wa miaka 16 anaweza kuisifu kwa moyo mweupe kabisa, kisha akakwambia atampa mdogo wake wa darasa la sita. Hapo amekwisha kukujibu, na jibu hilo hungelipata kwa mhariri wa miaka 45.

Sura hii inahusu wasomaji wa awali, yaani watu wanaousoma mswada mzima kabla haujafika kwa mchapishaji, ili waseme ulivyowagusa na ulipowapoteza. Kwa riwaya ya watu wazima kazi hii hufanywa na marafiki, waandishi wenzako, au mwalimu wako wa zamani wa chuo. Kwa riwaya ya vijana lazima wawepo vijana wenyewe. Kuwapata si jambo gumu sana, kwa maana vijana wametuzunguka kila upande. Ugumu wa kwetu uko kwenye kuwafanya waseme ukweli mbele ya mtu mzima, na sehemu kubwa ya sura nitaitumia hapo.

Kwanza tazama safari ya kitabu cha kijana katika Afrika Mashariki. Mwandishi ni mtu mzima. Anampa mke au mume wake asome, kisha mwenzake wa kazini anayejua Kiswahili vizuri. Mchapishaji anampa mhariri. Kitabu kikilenga shule, nchini Tanzania kinapita Taasisi ya Elimu, TET, kutafuta ithibati. Nchini Kenya kinapita Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD. Mwalimu anakichagua, mzazi anatoa fedha. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja aliye na miaka 14. Kijana anatokea mwishoni, kitabu kimeshachapwa na kubanwa, na akichoshwa nacho ukurasa wa 30, hakuna wa kumwambia wala la kubadilisha. Anakifunga, anasoma muhtasari wa wenzake kwa ajili ya mtihani, basi.

Lakini watu wazima na vijana hawasomi kwa jicho moja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya namna ilivyosimulia maisha ya msichana wa shule. Waliopiga marufuku walikuwa wanakilinda kizazi cha Rosa. Kizazi chenyewe hakikuulizwa. Na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ina wasomaji nchini Kenya ambao leo ni wazazi na bado wanamkumbuka Kongowea Mswahili na safari yake ya kumtafuta baba. Kumbukumbu ya namna hiyo haitolewi na kamati. Inatolewa na mtoto aliyesoma kwa sababu alitaka kujua kama baba atapatikana.

Kabla ya kutafuta wasomaji, amua unamwandikia nani. Neno "vijana" ni pana mno. Mtoto wa miaka 12 wa darasa la saba na kijana wa miaka 17 wa kidato cha nne wanaishi dunia mbili, hata wakilala chumba kimoja. Nchini Tanzania kuna mpaka mwingine juu ya ule wa umri: shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anatumia nguvu zake zote kupambana na biolojia na jiografia kwa lugha ngeni, na riwaya ya Kiswahili inakuwa mahali pake pa kupumua. Anataka imkimbize. Ukimpa sentensi zenye mafundo, utakuwa umemrudisha darasani. Mwenzake wa miaka 17 aliyekwisha soma riwaya za kutahiniwa anavumilia zaidi, tena anapenda kufumbiwa. Kwa hiyo tafuta wasomaji wenye umri wa mhusika wako mkuu, au walio chini yake kwa mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa vijana hupenda kusoma habari za waliowatangulia kidogo. Wachache wawe wakubwa kidogo, wakuonyeshe ni wapi kitabu kinaanza kuonekana cha kitoto.

Watoto wako mwenyewe waache. Wanakupenda, wanakuogopa, au wamekuchoka. Hali zote tatu zinaharibu usomaji. Wapwa na mabinamu walio mji mwingine wanafaa zaidi. Watoto wa jirani wanafaa, mradi mazungumzo yapitie kwa mzazi. Kuna vikundi vya vijana kanisani, wanafunzi wa madrasa, na vilabu vya Kiswahili shuleni. Nchini Tanzania shule nyingi za sekondari zina vilabu vya Fema, vilivyokua pamoja na jarida la Fema la shirika la Femina Hip, na vijana wake wamezoea kujadili mapenzi, fedha na afya bila kutafuna maneno. Dar es Salaam ina Soma Book Cafe, iliyoanzishwa na Demere Kitunga, na ina Maktaba Kuu ya Taifa kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako mkutubi anawajua watoto wanaorudi kila wiki. Nairobi ina maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara, ambazo Book Bunk imekuwa ikizifufua. Mkutubi ni mtu wa kumtafuta kwanza. Yeye anajua nani anasoma kwa kupenda na nani analetwa na mama yake, na unawahitaji wote wawili.

Hapo kwenye "wote wawili" nasisitiza. Waandishi wengi huchukua vijana wanaopenda vitabu tu, kwa sababu ni rahisi kuwapata na wanamaliza. Msomaji hodari ana uvumilivu. Amejifunza kwamba kitabu kinaweza kuchelewa kunoga, naye hukusubiri. Kijana asiyependa kusoma hana deni hilo kwako. Akifika ukurasa wa 60, umefanya kazi kubwa. Akiacha ukurasa wa 8, amekuonyesha kitu ambacho msomaji hodari alikusamehe kimyakimya. Katika kundi la wasomaji sita, ningependa wawili wawe wa aina hii.

Kuhusu idadi, watano hadi wanane wanatosha kwa awamu ya kwanza. Usiwaite wote unaowajua kwa mara moja. Mtu husoma kitabu kwa mara ya kwanza mara moja tu, na utahitaji macho mapya baada ya kusahihisha. Gawa watu wako katika awamu mbili au tatu na uwafiche wale wa mwisho hata kama wanaomba.

Kama hadithi yako inatokea mahali usipokaa, lazima awemo msomaji wa hapo. Riwaya ya kijana wa Goma isomwe na kijana wa Goma, ambaye Kiswahili chake kina mapigo na maneno ambayo Kiswahili sanifu cha Unguja hakiyajui. Riwaya ya binti aliyezaliwa Muscat kwa wazazi wenye asili ya Zanzibar isomwe na binti wa namna hiyo. Vivyo hivyo kwa lugha ya mtaani. Mazungumzo ya vijana wa Nairobi yakiandikwa na mtu wa Morogoro husikika kama tangazo la serikali, na maneno ya mtaani huchakaa upesi kuliko unavyodhani. Mpe kijana kalamu apige mstari chini ya kila neno ambalo yeye na wenzake hawalisemi. Hili watalifanya kwa furaha na bila kuona haya, na ni njia nzuri ya kuwazoesha kukukosoa kabla hujafika kwenye mambo mazito.

Halafu kuna sheria na usalama, na hapa sitaki mzaha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Kenya nayo inaweka mpaka hapohapo. Wasomaji wako karibu wote ni watoto. Mzazi au mlezi ajue mswada unahusu nini, asome kwanza akitaka, na akubali kwa maandishi. Usikutane na kijana peke yake, wala usiwasiliane naye usiku kwenye simu. Mazungumzo yawe ya kundi, mahali pa wazi, mtu mzima mwingine akiwepo. Kama mswada una ubakaji, mimba za utotoni, kipigo au kujiua, sema hivyo mapema na uwape ruhusa ya kuacha bila kueleza sababu. Katika kundi la vijana sita huenda yumo ambaye unayoyaandika yamempata. Akianza kusema, msikilize, usimgeuze kuwa utafiti wa riwaya yako, na ujue ni nani wa kumpelekea: mlezi anayeaminika, mwalimu wa ushauri, au simu ya msaada kwa watoto, namba 116, inayopigwa bure Tanzania na Kenya.

Muda nao una hesabu yake. Shule za bweni hubana ratiba, na nyingi zinakataza simu, kwa hiyo mswada wa kusomwa kwenye skrini hautawafikia. Subiri likizo. Tanzania likizo ndefu ni za Juni na Desemba. Kenya ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Toa kopi kwenye duka la steshenari, zibaindi, acha pambizo pana upande wa kulia na uweke namba za kurasa kwa herufi kubwa. Gharama ipo, lakini karatasi inakupa faida mbili. Kijana anaandika juu yake bila woga, tena faili halisambai. Mwandishi akituma mswada kwenye kundi la WhatsApp, kesho yake unaweza kuwa Mwanza, Mombasa na Doha. Kisheria kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, iwe umeisajili au hukuisajili, na taasisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania na KECOBO ya Kenya, zipo kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo; lakini mashindano mengi ya miswada yanataka kazi ambayo haijachapishwa, na hadithi iliyozagaa kwenye simu inaweza kukuletea maswali. Kuhusu kuibiwa wazo na mtoto wa kidato cha pili, usijisumbue.

Sasa tufike kwenye adabu.

Kijana wa kwetu amefundishwa tangu anajua kusema kwamba mkubwa huamkiwa, hupokewa mzigo, na hakosolewi usoni. Mafunzo hayo ni mazuri na sitaki yafe. Lakini yanapogusana na mswada, yanakupa jibu moja tu: "Ni nzuri." Ukiuliza tena, unapata "Nimeipenda sana." Ukisisitiza, atatafuta kosa dogo la tahajia akupe, ili asionekane mvivu wala mkosa heshima. Mwandishi anarudi nyumbani na kurasa za sifa na herufi tatu za kusahihisha, akiamini kitabu kimeiva.

Nakumbuka mazungumzo ya mwandishi mmoja niliyekuwa nikimsaidia, mwanamke wa makamo, na binti wa kidato cha pili mjini Tanga. Tulikaa barazani, mama wa binti akichambua mchele ndani, mlango wazi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Umeisoma?"

"Nimeisoma, anti. Nzuri."

Mwandishi alitaka kushukuru. Nilimgusa mkono, akabadili swali.

"Mara ya kwanza ulipoiweka chini, ulikuwa umefika wapi?"

Binti alifikiri. "Pale wanapofika kijijini kwa bibi."

"Ukaenda kufanya nini?"

"Nikaosha vyombo."

"Ukarudi?"

Akatazama kanga yake. "Siku hiyo sikurudi, anti. Nilirudi baada ya wiki, mama aliponiuliza."

Kijijini kwa bibi ndipo palipokuwa na kurasa nne za wasia: bibi anamweleza mjukuu thamani ya elimu, uvumilivu na kujitunza. Mwandishi alizipenda kurasa zile kuliko zote. Wasomaji wengine wawili, bila kuambiana, nao walikuwa wamekomea palepale. Yule binti hakusema neno moja la kukosoa. Alieleza alichofanya na mikono yake jioni ile, na hilo adabu haimkatazi.

Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Usimwombe kijana hukumu, mwombe habari. Hukumu inamweka juu yako, naye hataki kukaa hapo. Habari ni jambo la kawaida kati ya mdogo na mkubwa. Aliacha wapi, alirudi lini, aliruka kurasa zipi, ni nani alimsahau jina, alidhani nini kitatokea, alikasirika wapi, alimsomea mwenzake sehemu gani kwa sauti. Mpe penseli kabla hajaanza na umwombe achore mstari kila anapoiweka chini, hata kama ni kwa sababu ya usingizi au ya kuitwa dukani. Kopi sita zikirudi, zilaze mezani na utafute mistari ilipokusanyika. Mstari mmoja unaweza kuwa usingizi kweli. Minne kwenye ukurasa mmoja ni wewe.

Njia ya pili ni kumwomba akusimulie hadithi. Usimwonyeshe kwamba unampima. Mwambie tu amsimulie mwenzake ambaye hajasoma, na wewe ukae pembeni. Vijana wetu wamekulia kwenye masimulizi, na fanani yeyote anajua kwamba baada ya "paukwa" lazima ije "pakawa". Wasikilizaji wakinyamaza, wamelala au wamechoka, na anageuza njia hapohapo. Mwandishi hana bahati hiyo. Anayesimulia tena anakurudishia. Utasikia akiruka sura nzima uliyoifanyia kazi miezi, kwa sababu haikubadilisha chochote. Utasikia akimwita mhusika "yule rafiki yake mwingine" kwa kuwa marafiki wako wawili wanafanana. Utasikia sauti inapopanda na mikono inapoanza kusema. Hapo ndipo hadithi yako ilipo, na mara nyingi siyo pale ulipodhani. Wakati mwingine anamalizia kwa mwisho ambao hukuuandika, na huo nao ufikirie.

Kuna swali moja nimeliona likifungua midomo kuliko mengine yote: "Ni wapi ulihisi kwamba mtu mzima ndiye anayesema?" Vijana hulijibu kwa haraka ya ajabu. Wanageuza kurasa, wanaonyesha. Hapa. Na hapa. Hapa pia, huyu Juma hawezi kusema hivi, huyu ni mwalimu. Hawaoni kama wanakukosoa, maana swali lenyewe limekwisha kukiri kwamba mtu mzima yumo ndani ya kitabu na anatafutwa. Fasihi yetu ya vijana ina mzigo mkubwa wa nasaha. Tumeirithi kutoka pande nyingi, na wengi wetu tunaamini kitabu cha kijana kisichoonya hakijamaliza kazi yake. Mimi naamini kijana anaonywa na matokeo anayoyaona kwa macho ya mhusika. Mswada ukipita kwenye swali hili, nasaha nyingi hufutika zenyewe, na zile chache zinazobaki zinasikika.

Ukiweza, jiondoe kabisa. Mwalimu au mkutubi agawe kopi zisizo na jina lako, aseme ni mswada wa mtu fulani anayetaka msaada, akusanye majibu bila majina. Lakini mwombe asiugeuze kuwa kazi ya darasa. Mwalimu akisema "andikeni uhakiki", utaletewa dhamira, wahusika, mbinu za lugha na falsafa ya mwandishi, kwa mpangilio uleule wa mtihani, na hakuna hata mmoja atakayekuambia aliacha wapi.

Shukrani utakayotoa iwe ileile kwa aliyemaliza na kwa aliyeacha ukurasa wa 8, na litamke hilo siku ya kwanza, mbele ya wote. Nauli, chakula cha mchana, daftari, kopi ya kitabu kitakapotoka, jina kwenye ukurasa wa shukrani mzazi akikubali: vyote vinafaa. Rayner Unwin alilipwa shilingi kwa kusoma na kuripoti. Kijana akijua zawadi haitegemei sifa, nusu ya kazi imekwisha.

Majibu yakifika, usiyatii yote. Robert Louis Stevenson alipoanza kuandika Treasure Island huko Braemar, Scotland, mwaka 1881, msomaji wake wa kwanza alikuwa Lloyd Osbourne, mtoto wa mkewe, mwenye umri wa miaka 13. Hadithi ilianzia kwenye ramani ya kisiwa, Stevenson akawa anawasomea nyumbani sura kwa sura, na baba yake mzazi naye akanogewa hadi akaandika orodha ya vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la Billy Bones. Lloyd alitoa sharti: kusiwe na wanawake. Stevenson akatii. Tulipokuja kuisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina, mama wa Jim alikuwa karibu mwanamke pekee aliyebaki ndani yake. Kitabu kinakwenda kwa kasi kiliyopewa na wasikilizaji waliokaa mbele ya mwandishi. Lakini pia kina umbo la matakwa ya mvulana mmoja. Kama angekuwepo msichana wa miaka 13 kwenye chumba kile, tungekuwa na hadithi nyingine, na sidhani kama ingekuwa dhaifu. Ndiyo maana kundi lako liwe na wasichana na wavulana, wa mjini na wa mashambani, hata kama mhusika wako mkuu ni mvulana wa Kariakoo.

Kijana huwa sahihi kuhusu mahali palipoharibika. Kuhusu dawa, mara nyingi hukosea, na si kazi yake kuijua. Akisema "weka vita hapa", pengine anachohisi ni kwamba kwa sura mbili hakuna aliyekuwa na cha kupoteza. Akisema mwisho ni mbaya, muulize alikuwa akisubiri nini. Huenda ulimwahidi jambo ukurasa wa 15 ukalisahau. Wawili wakipingana, mmoja akiona mapenzi yamezidi na mwingine akiona hayatoshi, paache palivyo. Lakini kuhusu maisha yao wenyewe wasikilize hata kama yuko mmoja tu: bei ya bando, adhabu inayotolewa siku hizi, jinsi simu inavyofichwa bwenini, nani hukaa siti ya nyuma ya daladala, msichana anamjibuje mvulana kwa ujumbe na baada ya muda gani. Wewe ulimaliza shule zamani. Kosa dogo hapo linamwambia msomaji kwamba hukuwepo, na akishajua hukuwepo, hakuamini tena hata kwenye mambo makubwa.

Wasomaji watu wazima wana nafasi yao, baada ya vijana. Mwalimu wa Kiswahili aangalie upatanisho na ufasaha. Mwandishi mwenzako aangalie muundo. Mtu wa fani inayotajwa, awe muuguzi, mvuvi au askari, asome sura zinazomhusu. Wape mswada uliokwisha kusahihishwa kwa macho ya vijana, na mtu akitaka kurudisha kurasa nne za bibi, mwonyeshe ile mistari ya penseli.

Kisha rudi kwa kundi la kwanza. Waandishi wengi hawarudi, na vijana wanajifunza kwamba waliulizwa kwa ajili ya heshima tu. Wakusanye, hata kwa saa moja, uwaonyeshe ukurasa wa zamani na wa sasa: mlisema hivi, nimefanya hivi, mlisema vile, sijafanya, na sababu yangu ni hii. Nimeona wavulana wawili, waliokuwa kimya wiki zote, wakianza kubishana na mwandishi baada ya kuona aya yao imefutwa kweli. Mswada ukaenda awamu ya pili na ushauri mkali kuliko wa kwanza, na safari hii walikuwa wakitaja kurasa bila kuulizwa.

Awamu ya pili iwe na macho mapya kabisa, pamoja na msomaji mmoja tu wa zamani, yule aliyeacha mapema kuliko wote. Usiwaambie wapya wenzao waliona nini. Linganisha mistari ya penseli. Kama pale penye mistari minne pamebaki mmoja, endelea mbele. Kama mistari imehamia sura nyingine, tatizo nalo limehamia, na mara nyingi chanzo chake kiko kurasa kumi au ishirini kabla ya mahali walipokomea.

Utakapoupeleka mswada kwa mchapishaji, ambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo: umesomwa na vijana wangapi, wa umri gani na wa wapi, wangapi walimaliza, walikuwa wakikomea wapi mwanzoni na ulibadilisha nini. Usiongeze namba wala usinukuu sifa. Mhariri amezoea kuletewa barua zinazosema riwaya itawafundisha vijana maadili. Barua inayosema kwamba vijana wanne kati ya sita waliisoma hadi mwisho wakati wa likizo ya Juni, na kwamba wale wawili waliacha kwenye sura ya tatu ambayo sasa imeandikwa upya, inampa kitu cha kuanzia. Ukurasa huo uandike wewe mwenyewe, kutoka kwenye kopi zilizorudi, na kopi zenyewe uzitunze hadi kitabu kitoke.